Bei ya Kikombe: Majani ya Kenya kutoka Limuru hadi Southall

Mnada wa mwisho wa chai mjini London ulifanyika tarehe 29 Juni 1998. Ulikuwa umeanza mwaka 1679, siku za Kampuni ya Mashariki ya India, na kwa muda mrefu makao yake yalikuwa Mincing Lane, mtaa uliojulikana na kila dalali wa chai duniani. Siku ile ya mwisho, sanduku moja la chai ya Ceylon kutoka shamba la Hellbodde lilinunuliwa na kampuni ya Taylors of Harrogate kwa pauni 555 kwa kilo, na fedha zikatolewa sadaka. Chai ya kawaida wakati huo ilikuwa ikiuzwa kwa pauni chache tu kwa kilo. Kwa hiyo, ndugu msomaji, aliyelipa pauni 555 hakuwa akinunua majani. Alinunua siku na jina.

Nimeanza na sanduku hilo kwa sababu ya swali lililozuka katika chama chetu tulipokuwa tukipanga sherehe za Jamhuri mwaka huu. Vijana wetu wawili walikuwa wameona dukani, katikati ya London, kopo dogo la chai ya Kenya, chai ya zambarau, gramu 50 kwa pauni 8. Kwa bei hiyo hiyo mama zao hununua hapa Broadway karibu kilo nzima ya majani ya kupika. Wakauliza: ikiwa zote mbili zimetoka kwetu, ni ipi iliyo chai yetu hasa? Wazee wakacheka. Swali lenyewe halikuwa la kuchekesha, na jibu lake linapita katika historia ile ile tunayoikumbuka kila tarehe 12 Desemba.

Tuanze na hawa wenyeji wetu. Chai ilipofika London katikati ya karne ya 17 ilikuwa anasa ya wenye mali. Thomas Garraway, mwenye nyumba ya kahawa katika mtaa wa wafanyabiashara, alitangaza kuiuza kwa shilingi 16 hadi 50 kwa ratili, fedha ambazo mtumishi wa nyumbani hakuzishika kwa majuma mengi. Majani yalifungiwa katika visanduku vya kufuli na ufunguo ukakaa na mama mwenye nyumba. Ushuru ulikuwa mzito mno hata magendo yakastawi kuliko biashara ya halali, mpaka mwaka 1784 serikali ilipoupunguza kutoka asilimia 119 hadi 12.5. Karne iliyofuata Waingereza wakapanda chai Assam, kisha Ceylon, na mwaka 1890 Thomas Lipton, mwenye maduka ya vyakula, akanunua mashamba Ceylon ili awauzie maskini kwa bei ambayo wenzake hawakuiweza. Kinywaji cha ufunguo kikawa kinywaji cha fundi na dobi. Hivyo ndivyo Mwingereza alivyopata chai yake ya kila siku: kwa ardhi na mikono ya watu wengine.

Hata hapa magharibi mwa London chai imeacha alama. Mwaka 1921 kampuni ya J. Lyons ilifungua kiwanda kikubwa cha kufungasha chai Greenford, jirani zetu hawa, kando ya mfereji ambao tawi lake la kwenda Paddington linaanzia Bull's Bridge hapa Southall. Masanduku yalifika kwa mashua. Wanachama wetu wanaotembea kandokando ya maji siku za Jumapili kutafuta hewa safi wanatembea juu ya njia ya zamani ya chai, ingawa leo kinachoonekana zaidi ni bata na makopo ya bia.

Kwetu, mche wa kwanza ulipandwa Limuru mwaka 1903 na mlowezi aitwaye Caine, kwa mbegu kutoka India. Kwa miaka ishirini ilibaki karibu kama ua la bustani. Biashara yenyewe ilianza miaka ya 1920, kampuni za Brooke Bond na James Finlay zilipofungua mashamba makubwa Kericho. Nchi hiyo haikuwa tupu. Wakipsigis waliondolewa kwenye ardhi yao, na ukoo wa Talai, ukoo wa viongozi wa dini, ukahamishwa wote kwa sheria ya mwaka 1934 na kupelekwa Gwassi, karibu na Ziwa Victoria, mahali pa joto na malale. Wajukuu wao wanadai haki mpaka leo, na wamefikisha madai hayo hadi Ulaya. Mtu anayesifu uzuri wa vilima vya kijani vya Kericho kwenye picha ya pakiti ajue kwamba anatazama pia ardhi yenye kesi.

Mwaka 1933 nchi zilizokuwa zikizalisha chai nyingi, yaani India, Ceylon na visiwa vya Waholanzi, zilikubaliana kupunguza chai sokoni ili bei isianguke. Afrika Mashariki ikaingizwa katika mpango huo. Kupanda chai kukahitaji leseni, na leseni hiyo Mwafrika hakuipata. Aliruhusiwa kuchuma, kubeba, kupalilia na kuchoma kuni za kiwanda. Sababu iliyotolewa, kama kwa kahawa, ilikuwa ubora: kwamba Mwafrika akipewa mche wake mwenyewe atachuma majani makavu, ataleta magonjwa, ataharibu jina la chai ya Kenya mbele ya wanunuzi wa London.

Naomba msomaji aliweke neno hilo ubora mahali salama, kwa kuwa tutalihitaji tena.

Mambo yalianza kubadilika wakati wa vita vya Mau Mau. Majaribio ya wakulima wadogo yalifanywa Nyeri mwanzoni mwa miaka ya 1950, na mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954 ukafungua mlango kwa Waafrika kupanda mazao ya biashara. Serikali ya kikoloni haikupata huruma ghafla. Ilitaka mkulima mwenye kipande chake na kipato chake, asiyeona sababu ya kwenda msituni. Mwaka 1957 kiwanda cha kwanza cha chai ya wakulima wadogo kilianza kazi Ragati, Nyeri. Mwaka 1964, Uhuru ukiwa na umri wa miezi tu, ikaundwa KTDA, wakati huo ikiwa mamlaka ya serikali. Ilianza na wakulima takriban 20,000. Kufika mwaka 1980 walikuwa zaidi ya 130,000, kutoka Meru na Kirinyaga hadi Kisii na Nandi, na leo, ikiwa kampuni ya wakulima wenyewe tangu mwaka 2000, inahesabu zaidi ya laki sita.

Na ubora? Mashamba makubwa, yenye lengo la kilo nyingi, yalichuma harakaharaka. Mkulima mdogo, aliyechuma na mkewe na watoto kwenye robo ekari, aliambiwa majani mawili na kichipukizi, basi, na karani wa kituo cha kupimia alimrudishia kikapu chenye majani makuukuu. Wengi wetu tuliosoma sekondari kwa fedha ya chai tunamkumbuka karani huyo kwa hasira. Lakini matokeo yake ni kwamba katika miaka ya 1970 chai ya KTDA ilikuwa ikipata bei nzuri kuliko wastani kwenye mnada ule ule wa London. Mikono iliyosemwa kuwa itaharibu jina la Kenya ndiyo iliyolijenga. Kati ya mambo yote yaliyofanywa baada ya 1963, mimi hili naliweka karibu na juu kabisa, na sioni likitajwa katika hotuba.

Wakati huo huo chai yenyewe ilikuwa ikibadilika umbo. Zamani viwanda vyetu vilitengeneza chai ya othodoksi: jani hunyaushwa, hukunjwa polepole, likabaki refu, likahitaji dakika kadhaa kwenye birika. Mwaka 1930, huko Assam, William McKercher alikuwa amebuni mtambo wa meno unaoponda, kuchana na kukunja jani kwa mkupuo mmoja, ukitoa chembe ndogo ngumu. Njia hiyo ndiyo CTC. Chembe hizo hutoa rangi nzito mara moja na kilo moja hujaza vikombe vingi zaidi. Mwaka 1953 Tetley walianza kuuza vifuko vya chai Uingereza, nchi iliyokuwa imetoka tu kwenye mgao wa vita wa aunsi 2 kwa mtu kwa wiki, mgao uliodumu tangu 1940 hadi 1952. Mwingereza mwanzoni alivitilia shaka vifuko. Alipovizoea, akataka chai inayokolea kabla hajamaliza kufungua chupa ya maziwa, na CTC ndiyo iliyoweza. Kiwanda baada ya kiwanda, Kenya ikahamia huko. Leo zaidi ya tisa kwa kumi ya chai yetu ni CTC, na daraja lake linalojulikana sana, PF1, limetengenezwa kana kwamba kwa kipimo cha kifuko.

Jambo hili ni la kustaajabisha kidogo. Chai ya othodoksi, ambayo leo inawekwa kwenye kopo la kupendeza na kuitwa chai maalum, ndiyo iliyokuwa chai ya kawaida ya babu zetu wachumaji. Haikupanda cheo kwa kuwa bora kuliko ilivyokuwa. Ilipungua tu, na kilichopungua kikapandishwa bei.

Sasa kikombe cha nyumbani. Zaidi ya tisa kwa kumi ya chai ya Kenya huuzwa nje. Kilichobaki kwetu, kwa sehemu kubwa na kwa miaka mingi, kilikuwa chenga na vumbi, yale madaraja ya chini ambayo dalali hayapigii kelele. Ketepa ilianzishwa miaka ya 1970 kufungasha chai ya kuuzwa nchini, na pakiti yake ya Fahari ya Kenya ikawa kama mtu wa familia, ikining'inia dukani kwa ukubwa wa kila mfuko wa fedha, hadi kile kijipakiti cha kupika mara moja. Vumbi la chai likimiminiwa maji ya moto tu huwa chungu. Likichemshwa na maziwa na sukari linakuwa kitu kingine kabisa: zito, tamu, lenye kushibisha. Ndiyo maana kwetu chai ni mlo. Mtu husema bado hajanywa chai akiwa na maana kwamba hajala tangu alfajiri. Saa nne shuleni, saa nne mjengoni, saa nne ofisini, ni chai. Yule ambaye maziwa yamemwishia hunywa strungi na kuomba radhi kwa mgeni.

Upishi huo wa sufuria, maji na maziwa na majani na sukari vikichemka pamoja, hatukuubuni peke yetu. Ulikuja na mafundi wa Kipunjabi waliojenga reli kutoka Mombasa kati ya 1896 na 1901, na wenye maduka wa Kigujarati waliofuata njia yake, pamoja na iliki, tangawizi na mdalasini, ingawa pwani walikuwa wanavijua viungo hivyo karne nyingi kabla ya reli. Baadaye hoteli za Nairobi zikaandika kwenye menyu kwamba hii ni chai ya Kiafrika, na ile ya birika yenye maziwa pembeni ni ya Kiingereza. Mche wa Uchina na Assam, shamba la Mskoti, upishi wa Punjab, jina la Afrika. Nami nikiulizwa nitasema ni ya Kiafrika kweli, kwa kuwa sisi ndio tuliokubali kuinywa mara tatu kwa siku.

Na hapo ndipo Southall inapoingia. Wapunjabi wa kwanza walikuja hapa miaka ya 1950 moja kwa moja kutoka India, wengi wakifanya kazi katika kiwanda cha mpira cha Woolf. Kisha sheria za Kenya za mwaka 1967 kuhusu leseni za biashara na vibali vya kazi zikawafanya Wahindi wengi wenye pasipoti za Uingereza wafungashe. Bunge la Uingereza likaharakisha sheria ya kuwazuia, ikaanza kutumika tarehe 1 Machi 1968. Wengi waliwahi kabla ya tarehe hiyo. Wengine walisubiri zamu kwa miaka. Mwaka 1972 wakafuata waliofukuzwa Uganda na Idi Amin kwa siku 90. Walipofika hapa, majirani zao kutoka Punjab waliwashangaa kwa maneno yao: sufuria, mogo, jugu. Mogo ni muhogo wetu, na bado umeandikwa hivyo kwenye menyu za Broadway hadi leo. Mkahawa wa Brilliant, uliofunguliwa hapa mwaka 1975, ni wa familia iliyokuwa na mkahawa wa jina hilo hilo Nairobi. Sisi tuliokuja baadaye, kusoma au kufanya kazi hospitalini na Heathrow, tulikuta mzee wa dukani akituuliza habari za Nakuru kwa Kiswahili cha mwaka 1965. Historia hiyo ina uchungu pande zote mbili na siwezi kuimaliza hapa. Nasema tu kwamba chai ilikuwa lugha ya kwanza tuliyoelewana.

Kuna jambo moja ambalo wengi wetu hatulijui. Pakistan ilikuwa na chai yake, iliyolimwa Sylhet, katika Pakistan ya Mashariki. Mwaka 1971 upande huo ukawa Bangladesh, na nchi ya wanywaji wakubwa ikabaki bila mche. Ilianza kununua nje, na baada ya muda Kenya ikawa duka lake. Leo Pakistan ndiyo mnunuzi wetu mkubwa kuliko wote. Kwa hiyo jirani yako wa Lahore anapochemsha maziwa yake mpaka yawe ya rangi ya matofali, kuna uwezekano mkubwa kwamba anachemsha Kericho au Murang'a. Msomali wa mtaa wa pili akikupa shaah yenye iliki na karafuu, huenda ni ileile. Na Mwingereza naye: Kenya ndiyo inayoongoza kwa chai inayoingia nchini humu, mara nyingine karibu nusu ya yote. Wanaoishi Southall, wa kila dini na rangi, wanakunywa chai yetu asubuhi na jioni. Wachache sana wanajua, kwa sababu pakiti husema Kiamsha Kinywa cha Kiingereza, au hubeba jina la Yorkshire, mkoa ambao haujulikani kwa mashamba ya chai.

Tuje kwenye hesabu. Kikombe kimoja huchukua gramu 2 na nusu hivi za majani. Kopo la vijana wetu, gramu 50 kwa pauni 8, linatoa vikombe 20, yaani peni 40 kila kimoja. Kilo ya majani ya kupika kwa pauni 8 inatoa vikombe 400, peni 2 kila kimoja. Nyumbani kwako, basi, maziwa ni ghali kuliko chai, na tangawizi nayo inakaribia. Sasa rudi Mombasa, ambako mnada ulihamia mwaka 1969 kutoka Nairobi na ambako leo huuzwa pia chai ya Uganda, Rwanda, Tanzania na majirani wengine. Huko bei huzunguka dola 2 hadi 3 kwa kilo. Julai 2021 KTDA iliweka bei ya chini kabisa ya dola 2.43, wanunuzi wakachagua kilichowafaa na shehena nyingi zikalala ghalani. Kwa bei hiyo, majani ya kikombe kimoja yameuzwa Mombasa kwa takriban nusu peni. Na kilo hiyo moja imetokana na kilo nne na nusu hivi za majani mabichi, yaliyochumwa kwa mkono kuanzia ukungu wa asubuhi, yakabebwa mgongoni hadi kituoni. Katika nusu peni hiyo wanagawana kiwanda, kuni, umeme, lori, dalali na mkulima. Mkahawa wa hapa unaotoza pauni 2 na nusu kwa kifuko ndani ya maji ya moto haujafanya dhambi. Unalipa kodi ya nyumba na mishahara ya London. Ila ni vizuri kujua majani yamechukua sehemu gani.

Je, chai ya zambarau haistahili bei yake? Inastahili sehemu kubwa. Ilizalishwa kwa uvumilivu wa miaka mingi na watafiti wetu wa Kericho, na mwaka 2011 wakaitoa rasmi kwa wakulima kwa namba TRFK 306/1. Jani lake lina rangi ya zabibu, hustahimili ukame na baridi, na lina kemikali zile zile za rangi zilizomo kwenye matunda meusi. Hutengenezwa kidogo kidogo, hukunjwa kwa njia ya othodoksi, hufungwa vizuri. Ndimu ikidondoshwa, kikombe hugeuka waridi mbele ya macho yako. Maziwa yakitiwa, huwa kama maji ya kuoshea vyombo. Mama mmoja wa kamati yetu aliijaribu kwa sufuria, na alichokisema hakifai kuchapishwa katika jarida la sherehe.

Tatizo lake liko kwingine. Mkulima aliahidiwa bei mara kadhaa ya chai ya kijani. Wengi walipanda. Kisha wakakuta kiwanda cha karibu hakina mtambo wa kuisindika peke yake, wala mnada hauna safu ya wanunuzi wanaoisubiri, na majani ya zambarau yakamwagwa pamoja na mengine kwa bei ile ile. Kiwanda cha Kangaita, Kirinyaga, kimejitahidi kuitengeneza kama inavyopaswa, na kwa hilo kinastahili heshima. Lakini kati ya Kirinyaga na duka la katikati ya London, pengo la bei linajazwa zaidi na kopo, jina la duka na hadithi iliyoandikwa mgongoni mwa kopo. Sanduku la Hellbodde lilitufundisha hilo kwa pauni 555.

Wengine katika chama wamesema dawa ni kila Mkenya hapa aache majani ya Broadway na anunue chai maalum ili kuinua mkulima. Siafikiani nao. Familia ya watoto wanne yenye mama anayefanya zamu za usiku haiwezi kunywa peni 40 mara tatu kwa siku, tena kwa kinywaji kisichokubali maziwa. Wala sioni sababu ya kuionea haya PF1. Chai hiyo, iliyotengenezwa vizuri kutoka majani mawili na kichipukizi, ni miongoni mwa bidhaa bora za aina yake duniani. Ndiyo maana wachanganyaji hawawezi kufanya bila hiyo. Upungufu wake ni kwamba inasafiri katika gunia lisilo na uso, na inapovikwa pakiti tayari ina uraia mwingine. Faida kubwa hupatikana baada ya hapo. Kama tunataka kusaidia, tuwasumbue wenye maduka wetu wa hapa, ambao wengi wao wana damu ya Nairobi na Kisumu, walete chai iliyofungashwa Kenya kwa bei ya sufuria, yenye jina la kaunti na kiwanda. Ketepa na wengine wanaifungasha. Nafasi ya rafu ipo. Tumezoea kuuliza kama mchele ni wa basmati au la, na kama embe ni la Pakistan au la India. La chai hatujawahi kuuliza.

Mjadala wa kamati ulikuwa huu: meza kuu ya wageni waalikwa ipewe chai ya zambarau, ukumbi upewe ya kawaida. Pendekezo lilitoka kwa mtu mwenye nia njema, aliyetaka Meya aone kitu kipya kutoka kwetu. Mabishano yalikuwa marefu, na mzee mmoja wa Kirinyaga aliuliza ni nani basi atakayepewa ile iliyomsomesha yeye. Iliamuliwa hivi. Sufuria tatu kubwa za maziwa, zenye tangawizi, zitahudumia wote, Meya akiwemo. Pembeni kutakuwa na meza ndogo ya kuonja chai ya zambarau, bila maziwa, pamoja na ndimu kwa wanaotaka kuona rangi ikigeuka. Mbele ya kila sufuria, kama mbele ya kopo, kutawekwa kadi yenye jina la kiwanda na kaunti yalikotoka majani. Wanaojitolea kuchemsha wafike ukumbini saa tatu asubuhi, na yeyote mwenye kichujio kikubwa tafadhali aje nacho.